Hiyo "let" ya King James

Swahiba,

Mambo vipi huko Nairobi, nyumbani wazima? Meseji yako nimeiona jana nikacheka mwenyewe, eti kundi zima la Biblia mmekaa mnabishana Paulo ana maana gani na "he who now letteth will let" kwenye King James, ile Biblia ya Kiingereza cha zamani, huyo anayeruhusu ni nani na anaruhusu nini. Hakuna anayeruhusu bwana! Fungua Biblia yetu ya Kiswahili 2 Wathesalonike 2:7, imeandikwa "yuko azuiaye sasa", ugomvi umeisha.

Iko hivi. King James ni ya 1611, na Kiingereza cha enzi hizo kilikuwa na let mbili, sio moja iliyogeuka maana kama huyo jamaa yenu anavyodai. Zamani kabisa moja ilikuwa lætan, kuacha au kuruhusu, nyingine lettan, kuzuia, na hii ya pili ni ndugu wa late, yaani kumzuia mtu ni kumchelewesha, ukiwaza unaona kabisa zinaendana. Matamshi yakaja yakafanana mpaka sikio halitofautishi tena, sasa neno lina maana mbili zinazopigana utaishi nalo vipi, ndo hiyo ya kuzuia ikaanza kufifia. Kwa Shakespeare bado ipo, Hamlet anataka kuufuata mzimu wa babake, wenzake wamemng'ang'ania, anawaambia atakayem-let atamgeuza mzimu naye. Isome kwa maana ya kuruhusu uone kichekesho.

Ila haijafa yote. Pasi ya kusafiria ya Uingereza inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", yaani bila kizuizi wala kipingamizi, mambo ya wanasheria hayo, kitu kimoja wanakitaja mara mbili. Na tenisi, sevu ikigusa neti ikadondokea ndani wanasema let, inarudiwa, wengi wanadhani wanasema net. Hayo mabango ya To Let unayopishana nayo huko kila geti ni ya ile let ya kuruhusu, usije ukamwambia mwenye nyumba anazuia nyumba yake (ingawa kwa dipoziti wanazotaka siku hizi, mmh).

Warumi 1:13 nako ipo, "was let hitherto", Paulo alizuiliwa kwenda Roma. Mkimaliza hapo nendeni 1 Wathesalonike 4:15 mkaone "prevent", na hiyo sasa haizuii mtu, ni kutangulia. Wakianza kurushiana maneno nirekodie.