Nawatetea watu baki, nyumbani naitwa msaliti

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri kwa sababu usingizi umenikataa tangu mume wangu aliponiambia, mbele ya mama yake, kwamba nawatetea watu baki huku damu yake naiacha ifukuzwe nchini.

Mimi ni wakili hapa Marekani, na kazi yangu ni kusimama katika mahakama ya uhamiaji pamoja na wanaotakiwa kurudishwa makwao. Unajua kesi hizi zilivyo: huhesabiwa kuwa za madai wala si za jinai, kwa hiyo asiye na fedha hapewi wakili na serikali, na hakimu mwenyewe ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria. Nimewaona hata watoto wakiitwa mbele yake bila mtetezi. Leo naambiwa mimi ndiye nisiye na huruma!

Shemeji yangu alipopata wito, alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango na kuzungumza nami kama mteja. Sikumkataa. Nilikuwa tayari kumtetea bila malipo, kwa ukweli wake mwenyewe: ameishi hapa zaidi ya miaka 10, hana kosa lolote, na mwanawe mgonjwa ni raia. Sheria inamruhusu aombe asiondolewe akithibitisha kwamba mtoto huyo atapata taabu ya kipekee iliyopita kiasi. Njia hiyo ni nyembamba, kwani nafasi ni 4,000 tu kwa mwaka kwa nchi nzima, lakini ni njia ya haki. Yeye akataka niwasilishe ombi la hifadhi kwa kisa cha mateso alichotungiwa na mtu anayejaza watu makaratasi, ambaye si wakili. Nilimweleza kwamba hifadhi huombwa ndani ya mwaka 1 tangu mtu aingie, isipokuwa kwa sababu maalumu, na kwamba anayebainika kutunga ombi kwa makusudi baada ya kuonywa hufungiwa karibu kila msaada wa uhamiaji maisha yake yote. Aliondoka kwa hasira, na nyumbani akasema nimemkataa.

Maadili ya uwakili yananizuia kutoa siri ya aliyekuja kutafuta ushauri wangu, hata kwa mume wangu, na hata hapa nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha. Je, ni kuvunja siri nikimwambia mume wangu kwamba nilikubali kumtetea ndugu yake, bila kusema kilichotutenganisha? Atauliza tu, nami namjua. Lakini hivi kweli, baada ya miaka yote hii ya ndoa, alihitaji maelezo ndipo aamini kwamba nisingeweza kuiacha damu yake ifukuzwe? Nawafahamu wateja wenye makovu ya kweli, wanaotiliwa shaka kwa sababu ya visa vya kutungwa, na siwezi kuwasaliti wao ili nisifiwe sebuleni kwangu.

Kesi yake siitaki tena. Hata hivyo jalada lake bado liko mezani, na nimekwisha kuorodhesha vyeti vya hospitali vitakavyohitajika kwa ajili ya mtoto. Itatajwa mwezi ujao, na mama mkwe ameniomba niwapeleke mahakamani kwa gari, kana kwamba mimi ni dereva tu.