Dada, hodi tatu hazijaitikiwa

Dada yangu,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Nimekuandikia WhatsApp mara nne, tiki za buluu naziona, jibu hamna. Ndiyo maana leo naandika hapa, mbele za watu, na najua utakasirika. Umetusomesha kwa jasho la Muscat. Hata sindano ya kila mwezi ya mdogo wetu, ya maradhi yake ya akili, ikikosekana hospitali tukainunue duka la dawa, pesa inatoka kwako. Hilo sijalisahau.

Lakini siku ya harusi ya mwanao hainitoki.

Unakumbuka mdogo wetu alivyojiandaa. Alinyoa ndevu mwenyewe, kanzu akaipiga pasi mara mbili, kofia akaiweka juu ya kabati isije ikapondeka. Miezi mitano alikuwa mzima. Ukanishika mkono pale uani, karibu na masufuria ya biriani, ukasema, "Mweke ndani mpaka wakwe waondoke. Leo sitaki aibu." Nikamwita chumbani kwa Mama, nikamwambia asubiri kidogo, nikatoka, nikafunga. Ufunguo niliugeuza mimi, Dada. Hilo sikusingizii.

Hakupiga kelele. Wala mlango hakuugonga. Alisema, "Hodi." Akanyamaza, akasema tena, "Hodi." Mtu yumo ndani ya nyumba ya mama yake, anapiga hodi ili atoke! Mimi nimesimama upande wa pili, taarabu inaanza nje, na sikusema karibu. Ya tatu aliisema kwa sauti ya chini kabisa, kisha kimya. Tulifundishwa hivyo sote: hodi ni tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka.

Wiki tatu baadaye sauti zilimrudia, akaacha kula. Sisemi harusi ndiyo iliyomuuguza. Muuguzi wa afya ya akili anayetupokea amenikataza kusema hivyo, maana skizofrenia, haya maradhi yake ya akili, ni ugonjwa, na familia haiusababishi. Hilo ndilo neno lake la kwanza siku tuliyoanza tiba ya familia, mgonjwa na ndugu zake kukaa pamoja na muuguzi, na wewe ungekuja ungelisikia. Badala yake ukasema huwezi kukaa kitako uhukumiwe na mtoto wa juzi.

Woga wako naujua unakotoka. Zamani wazazi walihukumiwa kweli. Mwaka 1948 huko Marekani, Frieda Fromm-Reichmann, daktari mwenye jina kubwa, aliandika juu ya mama anayemtia mwanawe skizofrenia. Kina mama wangapi walibeba lawama ile bure, na nadharia yenyewe ikaja kuanguka! Tiba tunayoifanya sisi ilitoka njia nyingine. Miaka ya 1950, London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali. Waliokwenda kuishi na wazazi au wake zao walirudi wodini zaidi kuliko waliokwenda nyumba za kupanga, au kwa ndugu zao. Wakajiuliza ndani ya zile nyumba kuna nini. Wakakuta lawama za kila siku, uadui, na jambo la tatu ambalo lilinichoma: kumhangaikia mtu mpaka akose pumzi. Dada, Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akimchambulia miiba ya samaki mtu wa miaka ishirini na tisa.

Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff walionyesha kwamba hatari ni kubwa zaidi mgonjwa akikaa na watu wa namna hiyo uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki. Nilipolisikia hilo nilipiga hesabu. Wewe uko nasi wiki mbili kwa mwaka. Mimi saa 35 nazimaliza siku ya tatu tu. Ninayemwambia "umeanza tena" ni mimi. Ninayehesabu vidonge mbele yake kama polisi ni mimi. Basi ukinilaumu kwa ukali wangu, kumbuka nani aliyebaki hapa usiku alipokuwa akizungumza na ukuta hadi alfajiri, na nani alikuwa na usingizi wake Muscat. Nilifunga ule mlango kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukukatalia jambo. Ningefanya nini, nikuaibishe mbele ya wakwe?

Haya ndiyo niliyosema kikao cha nne, karibu neno kwa neno. Muuguzi hakunijibu. Alimgeukia mdogo wetu, akamwuliza yeye siku ile alisikia nini. Akasema, "Nilisikia mtu anapumua mlangoni. Nikajua ni kaka. Nikangoja."

Sikuweza kuendelea, tukakatisha kikao.

Si machozi siku zote, usiogope. Mara nyingi tunafanya mazoezi. Nimefundishwa kusema, "Naona hujalala tangu juzi, nina wasiwasi," kisha ninyamaze. Yeye mwenyewe ametaja dalili zake za mwanzo: usingizi, kuzima redio kila anapopita, kuosha kikombe kimoja tena na tena. Tumeziandika kwenye karatasi, tumeibandika ndani ya mlango wa kabati, na pembeni jina la wa kumpigia simu. Sindano inaendelea palepale, tiba hii haiondoi dawa.

Na usiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Unasema ana jini. Sawa, sibishani nawe, na kombe unalomtumia, maji ya aya za Kurani, anakunywa. Lakini Juli McGruder, Mmarekani aliyekaa hapa Unguja akiangalia familia zenye wagonjwa hawa, aliona kwamba ile imani ya majini iliwasaidia wengine wasimlaumu mtu wao. Bibi alikuwa hivyo. Alisema, "Yamempanda, yatashuka," akamsogezea sinia ale na wenzake. Wewe umelichukua jini la Bibi, upole wake ukauacha.

Nimekuwa mkali, nisamehe. Ni wewe uliyembeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani siku za mvua, viatu vyake umeviweka kifuani visilowe. Anakisimulia kisa hicho mpaka leo.

Waingereza wanashauri vikao visipungue kumi. Tumefika cha sita. Cha saba ni Jumatano, saa nne asubuhi ya hapa, kwako ni saa tano. Simu nitaiweka mezani, na vocha nimeshatia endapo intaneti itasumbua. Ameniuliza mara mbili kama utakuwepo. Sijamjibu.

Mdogo wako