Tupumzike vizuri kabla ya siku ya posho (Jumamosi)

Jambo zenu, mama na baba wa kikundi chetu cha mazoezi. Jana kwenye ngazi za Kadutu, hapa Bukavu, nilimwona baba mmoja wetu akishuka kinyumenyume, mkono ukutani. Magoti yalimuuma tangu Jumanne, akaja vilevile. Roho hiyo naipenda sana, lakini tafadhali, tusirudie. Baada ya miaka 60 misuli inachelewa kupona: ukipanda mlima kwa nguvu leo, siku mbili zinazofuata tembea tu, polepole, kandokando ya ziwa.

Chakula ndicho kinanihangaisha zaidi. Mwili wetu hautumii tena protini kama wa kijana, kwa hiyo protini iingie kila mlo, siyo usiku peke yake. Fufu na sombe (majani ya muhogo) bila kitu kingine haitoshi. Weka sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, hata zile kavu, zinaliwa na mifupa yake. Asubuhi, chai na mkate viongezewe yai ao maharagi ya jana.

Kiu nayo inapungua na umri, basi kunywa maji mbele ya kutoka. Wenye dawa ya tension (presha ya damu) ao shida ya figo, mumuulize daktari kwanza.

Na tusikate tamaa juu ya umri: Ed Whitlock, mkimbiaji wa Kanada, alimaliza maratoni chini ya saa 4 mwaka 2016, akiwa na miaka 85.

Tukutane siku ya posho, saa kumi na mbili asubuhi, Nyawera.