Barua ya wazi kwa mwanangu anayeandika riwaya: mwache na mdogo asafiri

Mwanangu mpendwa,

Mswada wako nimeumaliza. Nimeusoma wote, kisha nikarudia sura ya daraja, halafu nikairudia tena. Umeniruhusu nikujibu hadharani ili wengine wanaowaandikia watoto wafaidike nao, basi nitasema yote bila kukuficha. Wewe ni mtoto wa dada yangu na kitabu chako kinahusu dada wawili, kwa hiyo siwezi kukisoma kama mtu baki. Mimi ndiye mdogo wa mama yako. Nimekulia upande ule wa hadithi ambao bado hujauandika.

Niwaeleze wasomaji wengine kwa ufupi. Dada wawili wanaishi pembezoni mwa nchi inayomezwa na ukungu. Usiku mmoja Malkia wa Ukungu anamchukua mdogo, mwenye miaka 8. Mkubwa, mwenye miaka 12, anabeba taa na kuondoka kwenda kumtafuta. Anapita katika msitu unaorudia maneno ya kila apitaye, anavuka daraja linalotoza kumbukumbu moja kwa kila ubao unaokanyagwa, anapanda hadi ngomeni, anamkuta mdogo wake, na wanarudi nyumbani.

Sura ya daraja ni nzuri sana, na nataka ujue kwa nini, usije ukaiharibu wakati wa kuhariri. Mwanzoni msichana analipa kwa ujanja. Anatoa ndoto aliyoiota zamani, jina la mtu aliyewahi kukutana naye njiani, wimbo asioupenda. Mtoto anayesoma atafurahia akili hiyo na kudhani daraja limeshindwa. Kisha kumbukumbu za bei rahisi zinakwisha na mbao bado zipo. Zinabaki zile za mdogo wake tu, yule yule anayemfuata. Anasimama. Anaangalia nyuma, anaangalia mbele, kisha anatoa sauti ya kicheko cha mdogo wake na kuinua mguu. Hapo hukuandika neno ujasiri hata mara moja, wala hukuhitaji. Watoto wengi hufundishwa kwamba jasiri ni yule asiyeogopa, na wewe umewaonyesha mtu anayejua hasa anapoteza nini, na bado anakanyaga.

Uchawi wa sura hiyo unauma kwa sababu una bei. Mahali pengine kitabuni uchawi wako ni wa bure. Taa inawaka yenyewe kila inapohitajika, na ndege yule wa fedha anatokea kila njia inapofungwa. Ndege huyo mwondoe. Amemnyang'anya msichana wako kazi tatu ambazo angezifanya mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Mdogo anachukuliwa katika sura ya 2 na tunamwona tena katika sura ya 17. Katikati tunaambiwa mara mbili kwamba analia. Basi. Muda wote huo ni mzigo unaosubiri mwenyewe aje kuuchukua.

Najua umerithi umbo hilo kutoka kwa hadithi zilizokutangulia, na ni umbo zuri. Katika hadithi ya Malkia wa Theluji, iliyochapishwa mwaka 1844, Hans Christian Andersen alimpeleka Gerda hadi mwisho wa dunia kumtafuta rafiki yake Kai. Katika hadithi ya kunguru saba, ndugu wawili Grimm wanatusimulia habari za msichana anayekwenda mpaka kwenye jua, mwezi na nyota kuwatafuta kaka zake waliogeuzwa ndege. Anapofika kwenye mlima wa kioo na kugundua kwamba kifupa alichopewa kufungulia mlango kimepotea, anakata kidole chake kidogo na kukifanya ufunguo. Hadithi hiyo hainitoki kichwani. Ila angalia ni nani aliyekwenda: ni mtoto wa mwisho. Hadithi za kale zilimwamini sana kitinda mimba. Edward Steere alipochapisha hadithi za Unguja huko London mwaka 1870, mojawapo ilikuwa ya Nunda, paka wa sultani aliyekua akawa jitu la kula watu. Anayemwinda ni mtoto mdogo kabisa wa sultani, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni. Anarudi na mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mara akidhani amemuua Nunda, na kila mara mama yake anamwambia kwamba huyo siye. Anatoka tena. Mtoto anayeisikia anajifunza kwamba safari ya kutafuta imejaa kukosea, na kwamba mtu anayekosea bado anaweza kuwa ndiye.

Wewe umempa kifungua mimba safari yote, makosa yote na fahari yote. Fikiria nyumba yenye watoto wawili na kitabu chako kimoja. Mkubwa atakifunga akiwa amejaa. Mdogo atauliza: na mimi nilikuwa nafanya nini siku zote hizo? Anastahili jibu.

Kwa hiyo naomba sura za ngomeni. Tatu zinatosha. Usimpe upanga wala nguvu za ajabu. Mpe tatizo linalolingana na miaka 8. Tayari umelitaja, ila umelipita haraka: katika sura ya 17 unasema kwamba Malkia huwapa watoto majina mapya. Kaa hapo. Mtoto akiitikia jina jipya, anaanza kusahau kwao. Wote waliomtangulia wameitikia, si kwa ujinga, ila kwa sababu asiyeitikia hapewi chakula na hasemeshwi na mtu. Mdogo wako anaitwa siku nzima kwa jina ambalo si lake, kwa sauti ya upole, na anakaa kimya. Ananong'ona jina lake na la dada yake kabla ya kulala. Siku moja anachoka na kuitikia mara moja, na asubuhi yake hakumbuki mlango wa nyumbani ulikuwa upande gani. Mwache akosee hivyo. Kisha mwache aanze kuzunguka ngome akiijifunza, ngazi kwa ngazi, kwa kuwa ameshaelewa kwamba akikaa akisubiri atakwisha.

Kukaa kimya unapoitwa kwa upole na mtu mwenye chakula ni jambo gumu, na watoto wanalijua kuliko tunavyofikiri. Wengi hawatavuka daraja la kichawi kamwe. Karibu wote watawahi kushawishiwa na mtu mkubwa anayetabasamu.

Ukifanya hivyo, mwisho wako utabadilika wenyewe. Sasa hivi, Malkia anaposhindwa, kumbukumbu zote zinamrudia mkubwa katika aya moja. Nilipofika hapo nilihuzunika, kwa sababu daraja lililonitoa machozi limegeuka kuwa deni lililofutwa. Tafadhali futa aya hiyo. Mkubwa afike mlangoni akiwa na taa na bila kumbukumbu: anajua amekuja kumchukua mtu fulani, lakini hamjui kwa sura wala kwa kicheko. Watoto waliopo ngomeni ni wengi, wanafanana kwa ukungu, na hawezi kumchagua. Hapo ndipo mdogo, aliyekaa akilinda majina mawili muda wote huo, anamwita dada yake kwa jina.

Unaona mwanangu? Mmoja alilipa kwa kumbukumbu ili afike, mwingine alizitunza ili pawe na kitu cha kufikia. Hakuna kati yao anayeweza kurudi nyumbani bila mwenzake.

Christina Rossetti aliliona jambo hili zamani. Katika shairi lake la mwaka 1862 kuhusu soko linaloendeshwa na majini, Laura anakula matunda ya kichawi na kuanza kunyauka, na Lizzie anakwenda kukabiliana na majini hayo bila kufungua kinywa ili kumponya. Watu humsifu Lizzie, na ni haki yake. Mimi hupenda kumkumbuka Laura katika mistari ya mwisho. Miaka imepita, wote wawili ni mama, na anayewakusanya watoto na kuwasimulia jinsi dada yake alivyosimama hatarini ni Laura, yule aliyeokolewa. Bila yeye ushujaa wa Lizzie usingejulikana na mtu.

Tena wadogo wana ulimwengu wao. Kina dada Brontë, kabla ya kuandika riwaya zilizowapa jina, walikuwa watoto waliobuni nchi za kufikirika. Charlotte na kaka yao Branwell waliendelea na nchi yao ya Angria. Emily na Anne, wadogo, walijitenga na kubuni kisiwa chao cha Gondal. Mwaka 1845, wakiwa watu wazima, Emily aliandika kwamba katika safari yao ya York yeye na Anne walikuwa bado wanajifanya wahusika wa Gondal. Sehemu kubwa ya yale waliyoyaandika kuhusu kisiwa hicho imepotea, na kila nikifikiria hilo nasikitika. Wakubwa wao wasingeweza kuwaandikia nchi ile.

Jambo jingine: dada zako hawagombani. Kurasa zote hizo, hata neno moja kali! Nakuomba usiweke ule ugomvi wa usiku wa mwisho, ambapo mkubwa anasema jambo baya halafu anaondoka kwa majuto. Tumeusoma mahali pengi na unaifanya safari nzima kuwa malipo ya kosa. Uweke wakati wa kutoka ngomeni. Mkubwa amekuja na njia yake, ameumia kuipata, na anataka warudi nayo. Mdogo anajua kwamba njia hiyo hufungwa alfajiri, kwa kuwa ameihesabu. Wabishane pale langoni, kwa kunong'ona, kwa hasira ya watu wanaopendana, Malkia akiwa karibu kuamka. Mkubwa aliyeuzoea uongozi tangu mdogo alipozaliwa ampe taa na kumfuata nyuma. Kwa mtu kama yeye, hatua hiyo ni nzito kuliko ubao wowote wa daraja.

Mama yako alinishika mkono mara nyingi, na sitaacha kumshukuru. Pia kuna mambo niliyoyavuka peke yangu akidhani nimelala. Yote mawili ni kweli, na kitabu chako kina nafasi ya kuyabeba yote.

Kuhusu Malkia mwenyewe sina mengi. Punguza vivumishi. Anatisha zaidi anapokuwa mpole. Na usiogope kuwatisha wasomaji kidogo. Mtoto ambaye hajaogopa pamoja na mhusika hatafurahi naye akitoka salama.

Usimpelekee mchapishaji mswada huu mwezi huu, hata kama unaona umechelewa. Anza na sura ya kwanza ya ngomeni, ile ya jina jipya, na ukiikamilisha nitumie mimi. Ya ugomvi langoni mpe mama yako kwanza. Yeye ndiye anayejua mkubwa anavyojisikia siku ya kwanza anapolazimika kumfuata mdogo wake, na atakuambia kama umempata.

Wako akupendaye,
Mama mdogo