Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: dozi ya kila siku isogezwe shamba

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuandikia kutoka Nungwi, mimi mama wa kijana anayekunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga wa heroini. Jina lake sitalitaja. Ameshaitwa teja vya kutosha.

Kwanza shukrani. Tangu huduma hii ianze hospitali ya Kidongo Chekundu, huko mjini, mwaka 2015, wapo vijana waliokuwa wakilala magofuni ambao leo wanakula sinia moja na wazazi wao. Wangu ni mmoja. Alivuta unga miaka saba, mwisho akaanza kujidunga, na hapo nikawa naiogopa sindano kuliko unga wenyewe. Zanzibar kwa jumla maambukizi ya VVU hayafiki asilimia 1, lakini uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya asilimia 10 kwa wanaojidunga. Soba, nyumba ya kuwaachisha vijana unga, tulimpeleka mara mbili. Kila akitoka, mwezi haumaliziki ameshaonekana maskani kwa wavuta unga wenzake. Methadoni ndiyo iliyomtuliza: arosto, yale maumivu ya kukosa unga, iliondoka, akaanza kuulizia kazi.

Tabu yetu ni njia. Dozi inamshika mtu kiasi cha siku moja, kwa hiyo lazima anywe kila siku mbele ya muuguzi, Ijumaa na sikukuu zimo. Kutoka huku hadi mjini ni karibu kilomita 60. Anapanda gari la 116 baada ya sala ya alfajiri, anakunywa kikombe chake kwa dakika mbili, na akifika nyumbani adhuhuri imeshaadhiniwa. Mwanangu ni mvuvi, na chombo hakimngoji mtu. Nahodha alimvumilia wiki mbili, kisha akachukua mwengine, simlaumu. Sasa nauli anaomba kwangu, nami nauza maandazi. Siku nisipokuwa nayo, usiku unamkuta anatoka jasho, pua zinamchuruzika, tumbo linamkata, na anayeuza kete za unga yupo hatua chache kutoka mlangoni petu.

Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi yake ya zamani hapewi tena hapo hapo. Mwili umeshaisahau, inaweza kumzuia pumzi. Anaanzishwa na kiwango kidogo, anapandishwa polepole. Nauli iliyokosekana siku nne inarudisha nyuma wiki nzima nzima za kupona.

Mheshimiwa, naomba dozi itolewe na huku Kaskazini. Hospitali ya Kivunge ipo njiani, na kijana akinywa hapo anarudi mapema kuwahi kazi. Wauguzi wafundishwe, stoo yenye kufuli itengwe, na mshauri nasaha awepo walau siku mbili kwa wiki, maana dawa peke yake haimfundishi mtu kukaa mbali na maskani.

Waliokwisha kutulia wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Shirika la Afya Duniani liliruhusu jambo hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2009, pale faida inapozidi hatari ya dawa kuuzwa, na mgonjwa anaangaliwa kila mara. Hatari hiyo naijua. Najua pia kwamba mtoto mdogo akiinywa anaweza kufa. Basi asipewe kila mtu: apewe mwenye miezi ya mahudhurio mazuri, mkojo wake unapimwa, na nyumbani ana mzazi wa kusaini na kisanduku cha kufuli. Mimi niko tayari kusaini.

Ramadhani ndiyo hunikata maini zaidi. Vijana hawa wanataka kufunga kama wenzao. Dawa hii mtu anaweza kuinywa baada ya futari, lakini wa Nungwi akiinywa mjini usiku, gari la kurudi shamba atalipata wapi?

Na wasichana wapo. Hawaonekani kwenye foleni kwa sababu msichana hawezi kutoka kijijini kila alfajiri bila ya watu kuuliza anakwenda wapi. Akenda Kivunge, anakwenda hospitali kama mtu mwengine yeyote.

Nakuomba unijibu hadharani kama nilivyoandika, ili na wazazi wenzangu wa Matemwe na Mkokotoni wasikie. Kesho mwanangu atatoka tena alfajiri. Nauli yake ya kesho ipo. Ya keshokutwa bado naitafuta.

Wako,
Mama mzazi, Nungwi