Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mfuko wetu: tuonyesheni majaribio ya mikataba mahiri

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, ninakuandikia mbele ya wanachama wote kwa sababu barua zangu za awali hazikujibiwa. Tangu mkataba mahiri mpya wa gawio, yaani programu inayogawa fedha yenyewe, ukwame wiki iliyopita kwenye blokicheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi), fedha nilizozitegemea kwa matibabu ya mama yangu hazitoki, na upasuaji wake umeahirishwa.

Katika mkutano mkuu ulituahidi kwamba hakuna mkataba utakaoanza kutumika kabla ya kupita majaribio ya kiotomatiki, yaani programu ndogo zinazoupima mkataba zenyewe. Nimeusoma msimbo wake, yaani maagizo ya programu yenyewe. Unawalipa wanachama wote ndani ya muamala mmoja, na anwani (akaunti) moja ikikataa kupokea, muamala mzima hubatilishwa. Nadhani hilo ndilo lililotukuta. Jaribio la kulifichua ni fupi mno: unaandika mkataba mdogo unaokataa kila malipo, unauingiza kwenye orodha ya wanachama, kisha unahakikisha kwamba wengine wote wamelipwa. Je, liliandikwa?

Programu ya kawaida ikiharibika hurekebishwa jioni ileile, lakini msimbo uliokwisha kuwekwa kwenye blokicheni haubadiliki, isipokuwa njia ya kuuboresha iwe imeandaliwa mapema. Juni 2016, mkataba wa The DAO, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ulichotwa takriban milioni 3.6 za etha (sarafu ya kidijitali ya blokicheni ya Ethereum) kwa kuwa ulituma fedha kabla ya kupunguza salio la anayezitoa, naye mdukuzi akalirudia ombi lilelile la kutoa fedha tena na tena. Novemba 2017, maktaba ya pochi za Parity, yaani msimbo wa pamoja uliotegemewa na pochi nyingi za kidijitali, iliachwa bila mmiliki. Mtu akajimilikisha, akaifuta, na zaidi ya etha 500,000 zikafungiwa. Makosa ya aina hizo mbili yana majaribio yake, na yanajulikana kwa kila anayeifanya kazi hii.

Ofisi yako inasema wataalamu waliukagua mkataba. Sibishi, ila ukaguzi wa leo hauoni mstari utakaobadilishwa kesho. Majaribio yanayojiendesha kila msimbo unapoguswa ndiyo yanayouona.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kimoja: chapisheni majaribio yote na matokeo yake, yakiwemo yaliyoshindwa, kabla mkataba mwingine haujapewa hata senti moja ya wanachama. Ulituahidi majaribio. Tuonyesheni majaribio hayo.

Wako katika ujenzi wa Mfuko,
Mwanachama na mwandishi wa programu