Ngao ya Jamii: aliyefika fainali ya Kombe apewe haki yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu Ngao ya Jamii, mechi ya ufunguzi wa msimu kati ya bingwa wa ligi na bingwa wa Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania: nani aitwe timu moja ikibeba vyote viwili? Nilitaka kulisema tangu 2022, nikajizuia kwa kuwa nilikuwa na hasira, na barua ya hasira husomwa kama kelele za shabiki aliyefungwa. Hasira imepoa. Hoja bado ipo palepale.

Tarehe 2 Julai 2022 nilikuwa Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, pamoja na mwanangu wa miaka 12. Basi zima lilikuwa la Wagosi wa Kaya, yaani sisi wa Coastal Union ya Tanga, watu wameimba kuanzia Muheza mpaka sauti zikakauka. Mwanangu alikuwa hajawahi kuiona Coastal Union ikicheza fainali. Mimi ubingwa wa ligi wa 1988 niliushuhudia nikiwa na umri kama wake, na nilitamani naye apate cha kusimulia. Alikipata. Abdul Suleiman Sopu aliifunga Yanga mabao matatu peke yake. Dakika 120 zikaisha 3-3, na ni kwa matuta tu, 4-1, ndipo Kombe la Shirikisho lilipotuponyoka.

Wakati wa kurudi basi lilikuwa kimya kama msibani. Tulipokaribia Korogwe, mzee mmoja aliyekaa nyuma ya dereva akasimama akasema: "Jamani, msilie. Yanga kachukua ligi, kachukua na Kombe. Sasa Ngao atacheza na nani? Si na sisi?" Akatukumbusha Namungo. Basi likaamka, nyimbo zikaanza upya, na mwanangu akalala akiwa anatabasamu.

Mzee yule hakuwa anatufariji kwa maneno matupu. Mwaka 2020 Simba walitwaa ligi, kisha wakaifunga Namungo 2-1 katika fainali ya Kombe kule Sumbawanga. Mshindi wa pili wa ligi alikuwa Yanga, Namungo walimaliza wa nne. Lakini aliyeitwa kucheza Ngao ni Namungo, timu ya Ruangwa, kwa sababu yeye ndiye aliyefika fainali ya Kombe. Wakacheza Arusha, Simba wakashinda 2-0, na hakuna aliyelalamika kwamba Ngao imepungua uzito. Ndivyo inavyostahili kuwa. Ngao ni mechi ya pande mbili, upande wa ligi na upande wa Kombe. Mwaka 2018 tuliiona katika sura yake halisi: Simba bingwa wa ligi, Mtibwa Sugar bingwa wa Kombe, wakakutana CCM Kirumba, Mwanza, Simba wakashinda 2-1.

Miaka miwili tu baada ya Namungo, sisi hatukuitwa. Tarehe 13 Agosti 2022 Yanga walicheza Ngao na Simba, mshindi wa pili wa ligi. Upande wa Kombe haukuwa na mtu uwanjani zaidi ya Yanga yuleyule aliyeiwakilisha ligi. Mwanangu aliniuliza kwa nini, nikamwambia pengine kanuni zimebadilika. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba hata Uingereza hufanya hivyo: timu moja ikibeba ligi na Kombe la FA, huitwa mshindi wa pili wa ligi, kama Manchester City walivyocheza na Arsenal mwaka 2023. Ni kweli. Lakini Italia walikuwa na njia nyingine kabla ya kuanza kuchezesha timu nne. Mwaka 2016 Juventus walikuwa wamebeba vyote, na aliyecheza nao Super Cup, ambayo ndiyo Ngao yao, kule Doha ni AC Milan, timu iliyomaliza ligi ikiwa ya saba, kwa sababu ndiye waliyekutana naye fainali ya kombe. Milan huyohuyo wa saba akashinda kwa penalti. Njia zote mbili zipo duniani. Ninachokataa ni nchi moja kutumia hii mwaka huu na ile mwaka mwingine.

Jibu la pili ni fedha. Dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, inaujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, na wadhamini wanataka macho ya watu. Silipuuzi hilo, mpira una gharama. Ila Simba na Yanga wana ligi nzima ya kukutana, nyumbani na ugenini, na uwanja utajaa kila wakikutana. Timu ya mkoani inaweza kusubiri miaka thelathini kupata siku moja kama hiyo.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu Kombe hili ndilo lenye milango wazi kwa mikoa. Tangu liliporejeshwa msimu wa 2015/16, tazama nani wamefika fainali mbali na vigogo wa Dar es Salaam: Mbao ya Mwanza 2017, Mtibwa na Singida United 2018, Lipuli ya Iringa 2019, Namungo 2020, sisi 2022. Hata fainali zenyewe zimezungushwa Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, na 2023 zikaja hapa kwetu Tanga, Uwanja wa Mkwakwani. Nampongeza kwa dhati aliyebuni utaratibu huo. Watu wa Sumbawanga waliiona fainali kwa macho yao, si kwenye kibanda umiza. Lakini ukishawapelekea watu Kombe mlangoni, halafu matunda yake ukayarudisha kwenye msimamo wa ligi, umewapa sahani bila chakula.

Mwaka 2023 Ngao ilichezwa na timu nne, na ikaletwa Tanga. Tulifurahi, kwa kweli mji ulichangamka, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone. Fainali ikaangukia tarehe 13 Agosti, mwaka mmoja kamili tangu ile ya 2022, na Ally Salim akapangua penalti tatu Simba wakaitoa Yanga 3-1. Nilikuwepo jukwaani. Nilipiga makofi kwa kipa yule kwa sababu alistahili, huku nikiwaza kwamba uwanja ni wetu, jua ni letu, na timu yetu haipo. Mwaka 2024 Coastal iliingia kwa kushika nafasi ya nne kwenye ligi, ikafungwa na Azam 5-2 kule Zanzibar. Hapo sina neno. Tuliitwa kwa haki tukafungwa kwa haki.

Mwaka 2025 Ngao ilirudi kuwa ya timu mbili. Yanga walibeba tena vyote, fainali ya Kombe walicheza na Singida Black Stars, lakini Ngao wakacheza na Simba. Kilichotupata sisi kimewapata watu wa Singida, na nimeona nisiendelee kunyamaza.

Ombi langu kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Bodi ya Ligi ni sentensi moja katika kanuni: bingwa wa ligi akiwa ndiye bingwa wa Kombe, atacheza Ngao ya Jamii na timu aliyoifunga katika fainali ya Kombe. Iandikwe kabla raundi ya kwanza ya Kombe haijachezwa, na isiguswe kwa sababu ya majina ya waliofika. Kama wataamua kinyume chake, kwamba ni mshindi wa pili wa ligi, waiandike hiyo waziwazi na waifuate kila mwaka.

Juzi mwanangu ameniuliza tena: "Baba, mwakani tukifika fainali tukafungwa, Ngao tutacheza?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Shabiki wa Coastal Union,
Makorora, Tanga